Mtani wa Kubahatisha

Maji ya Dodoma yana chumvi, na atakayebisha nitampikia chai ainywe mwenyewe. Birika langu la kwanza hapa Nkuhungu lilijaa ukoko mweupe kabla sijamaliza kufungua mizigo. Nikadhani nimeuziwa kitu kibovu, nikalirudisha dukani nikiwa nimefura. Muuzaji akaligeuza, akachungulia ndani, akaniuliza nimetoka wapi. Nilipomwambia Dar es Salaam, alinirudishia birika langu akaniambia nichemshie ndimu. Hiyo ndiyo pole pekee niliyopewa siku zile. Ofisi yetu ilikuwa imehamishiwa huku na makabati yake yote, na mimi nilihesabiwa humo humo.

Sasa nimezoea. Nimezoea upepo unaowahi kuanua nguo kabla yangu, vumbi linaloingia mpaka kwenye kabati la vyombo, na baridi ya Julai ambayo ndugu zangu wa Pwani nikiwasimulia wanadhani nawatania. Nimezoea hata mgao wa maji, na nitasema jambo ambalo wenzangu wa ofisini hawapendi kulisikia: mgao una faida yake. Unakutoa ndani. Maji yangekuwa yananitokea kila ninapofungua koki, ningekaa mtaa huu mpaka nistaafu nikijua magari ya watu tu, wenyewe nisiwajue.

Mtaa wetu umekaa kwenye mteremko. Siku ya maji ikifika, mabomba yetu ya juu yanakohoa hewa, yanatema matone mawili ya kutu, kisha yananyamaza. Bomba linalotoa maji ya maana ni la chini kabisa, kwa bibi mmoja wa Kigogo ambaye nyumba yake ipo nyuma ya ukuta wangu. Yeye alikuwapo hapa kabla mtaa haujawa mtaa. Eneo lote hili lilikuwa shamba la uwele na karanga la marehemu mume wake, likauzwa kipande baada ya kipande, na yeye akabaki bondeni na nyumba ya vyumba viwili, banda la kuku na hilo bomba. Watoto wake wako Makutupora kwenye mashamba ya zabibu. Msimu wa kuvuna ukiisha huja wote kwa pamoja, mabeseni kichwani, na siku hiyo mtaa mzima hula zabibu mpaka meno yanakufa ganzi.

Bibi hauzi maji. Wapo wenye bomba wanaouza kwa ndoo, na siwalaumu, lakini yeye bei yake ni habari. Ukifika unatua ndoo, unampa shikamoo iliyonyooka, na kama umejifunza Kigogo kidogo unaongeza salamu ya kwao, "mbukwa", ili akuone mtu wa maana. Kisha unamwambia jambo moja ambalo hajalisikia. Huna jambo, anakaa na mpira wa maji mkononi anakutazama tu. Habari za redioni hazipokelewi, kwa sababu redio anayo. Nimewaona watu wazima, wenye madaraka yao mjini, wamesimama pale wanakuna vichwa wakitafuta nani amegombana na nani ili wapate maji ya kuogea.

Mimi nilikuwa na unafuu. Mimi ni Mnyamwezi, mzaliwa wa Tabora, na bibi aliposikia hivyo siku ya kwanza alicheka mpaka akashika ukuta.

"Kumbe wewe ni mtumwa wangu!" akasema. "Babu zako walipita hapa na mizigo ya watu kichwani, wakamwomba babu yangu maji. Na wewe umekuja na ndoo ile ile. Hamjapata nyingine?"

"Nzuri tulikuwa nazo," nikamjibu, "mkatuibia."

Tangu siku hiyo sijapata kumsikia akiniita kwa jina la heshima, na mimi sikumwita kwa jina la heshima, na tulipendana sana. Ndivyo utani ulivyo. Mtani anaweza kukuchukulia kuku mchana kweupe. Anaweza kuja msibani kwako akalala mbele ya jeneza, akasema halipiti mpaka apewe chake, na wewe hata kama machozi yanakutoka huna ruhusa ya kununa. Watoto wangu waliozaliwa mjini niliwaeleza hayo wakanitazama kwa huruma. Basi, kila mtu na elimu yake.

Njia ya kwenda kwa bibi ilikuwa moja tu. Nyuma ya nyumba yake kuna korongo ambalo mvua za Januari hulipanua kila mwaka. Kushoto kuna ukuta wa watu, kulia kuna nyumba ndefu ya kupangisha isiyo na upenyo. Mbele palikuwa na kiwanja kitupu, na njia ilikatiza humo, ikiambaa na ukuta wangu mpaka barabarani. Ilikuwa njia iliyotengenezwa na miguu, ngumu kama sakafu, na hakuna aliyewahi kujiuliza ni ya nani. Nani anauliza njia ni ya nani?

Kisha siku moja tukakuta vigingi na kamba.

Mama wa genge, anayeuza nyanya na mlenda mkabala na kwangu, ndiye aliyeviona wa kwanza, kama kawaida yake. Kufikia jioni maelezo yalikuwa yamejaa. Mwenye kiwanja amepatikana. Anajenga baa. Hapana, anajenga nyumba ya wageni, kwa sababu uwanja mpya wa ndege wa Msalato utaleta watu na watu lazima walale. Mwingine akasema ghala la alizeti. Mimi nilishabikia baa, si kwa kuwa nina ushahidi, ila kwa kuwa nilikuwa nimechoka na nilitaka jambo la kuchukia. Kilichokuwa wazi kwa wote ni kimoja: kamba ya msingi ilikuwa imepita katikati ya njia na kukaribia kugusa ukuta wangu. Ukuta ukisimama pale, bibi hana pa kutokea.

Mjumbe wetu wa nyumba kumi, mtu mzima mwenye busara ila mwoga wa karatasi, alikwenda kuuliza. Akarudi na jibu refu ambalo ukilifupisha lilikuwa hivi: bikoni nne za mpaka wa kiwanja zinaichukua njia yote. Kiwanja kilipouzwa mara ya kwanza, mume wa bibi alionyesha mipaka kwa kunyoosha mkono, na aliyenunua alijua njia ipo, akaiacha. Baadaye kikapimwa, kikauzwa tena, kikauzwa tena, na njia ikabaki kwenye miguu ya watu tu, kwenye ramani haimo. Mwenye kiwanja hajakosea kitu.

"Mwendee umwombe," mjumbe akamwambia bibi mbele yetu. "Ni mtu, atasikia."

Bibi alikuwa anapembua mtama kwenye ungo. Hakuinua uso. "Siombi," akasema.

Nilimrudia baadaye peke yangu, nikamsema kwa ukali. Nilimwambia kiburi hakimpitishi mtu ukutani. Nilikuwa na hofu, na mimi nikiogopa huwa nakuwa na sauti kubwa. Nilikuwa nimeshajiona mara ngapi nikimpitishia chakula juu ya ukuta, na yeye amekaa kule chini na kuku wake, hana wa kumletea habari, na maji yakitoka yanamwagika bure.

"Wewe unataniwa kwamba mlikuwa wapagazi," akanijibu taratibu. "Sisi tunataniwa kwa nini? Nchi nzima ikitaka kucheka inasema Mgogo ombaomba. Redioni, kwenye mabasi, mpaka watoto wa shule. Kwa mtani nacheka, kwa sababu namrudishia. Sasa nikamwendee mtu nisiyemjua, nimnyooshee mkono, niombe njia kwenye shamba nililolima mimi? Nikifa humo ndani mtavunja ukuta mnitoe. Siombi."

Nilirudi kwangu nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Mchimbaji wa msingi naye hangoji watu wamalize kufikiri. Siku zilizofuata mtaro ulikuja ukishuka kutoka upande wa barabara, na kila jioni ulikuwa umesogea. Siku ya maji ilipofika tulipita kwa kuruka, ndoo mkononi. Bibi alikuwa pale pale bombani, lakini alikuwa mkimya, na habari tulizompa alizipokea kama mtu anayepokea chenji bila kuitazama. Foleni ikasogea mpaka zamu yangu ikafika, nami sikuwa na habari. Nilikuwa nimeamka na kichwa, sijapita gengeni, sijasikia lolote.

Basi nikashika nilichokuwa nacho. Juzi yake nilikuwa nimemwona mwenye kiwanja mwenyewe, mwanamume wa makamo mwenye kofia ya kufuma, amesimama juu ya mchanga wake anaongea na simu kwa sauti. Nilisikia maneno haya: "Nimeingia jana kutoka Tabora." Mengine sikuyasikia. Lakini maneno manne kwa mwanamke mwenye ndoo tupu ni mengi.

"Mwenye kiwanja ni wa kwetu," nikamwambia bibi. "Mnyamwezi. Ametoka Tabora."

Mpira wa maji ulimtoka mkononi. Maji yakatumwagikia miguuni sote.

"Mtani?" akasema.

"Mtani," nikasema, kwa uhakika ambao sijui niliutoa wapi.

Nilimwona bibi akibadilika mbele ya macho yangu. Mgongo ulinyooka. Akajaza ndoo zangu zote mbili mpaka zikafurika, akajaza na ya aliyekuwa nyuma yangu bila kudai chochote, jambo ambalo halijawahi kutokea. "Ungesema mapema," akaninong'oneza. "Mtumwa wangu ananizibia njia, na mimi nakosa usingizi kama mjinga?"

Nilirudi nyumbani nimefurahi. Nilikuwa nimempa kitu. Mtu usiyemjua unamwomba, lakini mtani humwombi, mtani unamfanyia vituko mpaka aone mwenyewe.

Kesho yake, Jumamosi, nilisikia kicheko upande ule wa ukuta. Kicheko cha wanaume wengi, asubuhi, kwenye kazi ya kuchimba, si jambo la kawaida. Nikatoka na kanga yangu ya jikoni, nikamkuta mama wa genge ameshatangulia, ameliacha genge na nyanya zake.

Bibi alikuwa ndani ya mtaro wa msingi. Alikuwa ameshusha kigoda chake humo, pale pale njia ilipokatizwa, ameketi na ungo wa karanga mapajani anamenya. Kilichoonekana juu ya ardhi ni kichwa na mabega. Wachimbaji walikuwa wameegemea sepetu zao.

"Nawashukuru sana," alikuwa anawaambia. "Mmenichimbia kaburi nikiwa mzima, nilione. Wangapi wanapata bahati hiyo? Lakini ni fupi. Mimi nina miguu mirefu. Ongezeni huku mwisho."

Wawili kati ya wale wachimbaji walikuwa wa Nzega, Wanyamwezi kweli kweli, na walijua wajibu wao. Mmoja alilala chini ukingoni akampima bibi kwa mikono, akasema mtu mfupi hivi anatosha hata kwenye ndoo. Bibi akamrushia ganda la karanga. Mwingine akasema kabla hawajaendelea wanataka kuku wawili wa matanga. Fundi mkuu alikuwa anafuta machozi kwa mgongo wa mkono. Na mimi nilicheka. Nilicheka kwa raha niliyokuwa sijaisikia wiki nzima, nikamwambia bibi ahame upesi maana pale ni kwetu, na Wagogo hata kaburi wanakwenda kulala kwenye la mwenzao.

Pikipiki ikasimama barabarani. Mwenye kiwanja akateremka.

Nikamtazama anavyokuja, nikajiandaa kwa mchezo mtamu. Nilijua atakachofanya, kwa sababu ndicho ambacho baba yangu angefanya: angepiga kelele kwamba Mgogo huyu ameanguka kaburini mwake na sasa alipie, wangetukanana, kuku angetolewa, na kwenye kutukana huko jambo la njia lingesemwa na kwisha. Alifika ukingoni. Akatazama chini. Hakucheka.

"Shikamoo, bibi," akasema.

"Marahaba, mtumwa wangu!" bibi akaitikia kwa sauti ya juu. "Umechelewa kwenye mazishi. Nimeshaingia. Leta sanda."

Wachimbaji wakaangua kicheko. Yule bwana akageuza uso kuwatazama, mmoja mmoja, kisha akanitazama mimi, na machoni mwake niliona kitu ambacho si hasira. Alikuwa ameogopa. Nikamsogelea fundi mkuu nikamuuliza chini chini.

"Huyu si Mnyamwezi wa Tabora?"

"Tabora alikwenda kufuata asali," fundi akaninong'oneza. "Huyu Mrangi, mtu wa Kondoa."

Najua wapo watakaobisha hapa. Utani una mipaka yake kama viwanja, na kila mzee ana bikoni zake. Atatokea mtu aniambie kwao Mrangi na Mgogo hutaniana tangu zamani. Labda. Lakini bibi huyu alifundishwa na mama yake kwamba Mrangi ni jirani, na jirani hachezewi kwa maneno ya kifo. Na yule bwana kwao hakufundishwa kumcheka mwanamke wa umri ule akiwa amekaa ndani ya shimo anaagiza sanda. Kwake yeye hapakuwa na mchezo wowote. Alichokiona ni bibi kizee ameingia kwenye msingi wa nyumba yake kufa, na watu wazima wamemzunguka wanacheka.

Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta wangu.

Akavua kofia. Akachuchumaa pale ukingoni, suruali yake nzuri ikagusa udongo, mpaka uso wake ukawa sawa na wa bibi.

"Bibi yangu," akasema polepole, "huna watu wa kukuzika?"

Kicheko kikakatika. Mikono ya bibi ilisimama juu ya ungo. Alimtazama yule mwanamume, akatafuta kwenye uso wake dalili ya mzaha, na hakuiona. Akageuka kunitafuta mimi, mtoa habari wake, na mimi nikatazama chini. Hapo akaelewa.

Angeweza kuinuka akaondoka kwa aibu. Nilimwogopea hilo. Lakini nadhani ilikuwa miaka mingi hajaulizwa swali na mtu anayengoja jibu. Sote tulikuwa tunamcheka na kumchekesha, na mjumbe alimpa ushauri, na mimi nilimpa kelele. Sauti iliyomtoka haikuwa ile ya bombani.

"Watu ninao," akasema. "Ila watapita wapi?"

Yule bwana hakuelewa. Alitazama huku na huku. Akamnyooshea mkono, bibi akaushika, akapandishwa juu na kigoda na ungo wake. Kisha akasema, "Nionyeshe."

Wakaenda wawili, bibi mbele, yeye nyuma ameshika kofia. Walifuata njia mpaka bondeni. Kutoka pale ukutani kwangu niliwaona wanasimama kwenye ukingo wa korongo, bibi ananyoosha mkono huku, ananyoosha mkono kule, ukuta, nyumba ya kupangisha, korongo. Walikaa huko kitambo. Mjumbe alikuwa ameshafika, kaitwa na mama wa genge, na alipoambiwa yaliyotokea alishika kiuno.

Waliporudi, yule bwana alimwendea fundi. "Dalali aliniambia watu wanakatiza tu hapa," akasema. "Wavivu wa kuzunguka. Hakuniambia kuna mtu anaishi." Akaitazama kamba kwa muda, na nikamwonea huruma, maana kiwanja chenyewe si kikubwa. "Ing'oe. Upande huu tunarudi ndani."

"Turudi kiasi gani, bosi?" fundi akauliza.

Hapo ndipo mjumbe akaona amepata nafasi yake. Akajikohoza, akasema kwa kawaida njia ya kwenda kwa mtu hupimwa kwa jeneza, jeneza na wabebaji wake, kila upande, na kwamba akiwa kiongozi anashauri hivyo. Lilikuwa shauri la maana kabisa, na siku nyingine lingekubaliwa.

"Msinipimie maiti," bibi akasema. "Kaburini nimeshatoka. Nipimieni walio hai."

Akanitazama. "Wewe mwongo," akasema, "kalete ndoo mbili."

Nikakimbia. Nilizileta zimejaa, maana jana yake alinijazia, na kwa jinsi nilivyokuwa najisikia ningezileta hata tatu. Tukajitwisha, mimi moja na mama wa genge moja. Bibi akanipeleka upande wa bondeni, akamwacha mwenzangu upande wa barabarani, akatuamuru tuje tukutane na tupishane bila mtu kugeuza bega na bila maji kumwagika. Tukaja. Tulipokuwa sawa kwa sawa, ndoo zimekaribiana, akapiga kelele: "Hapo! Simameni!" Yule bwana mwenyewe ndiye aliyepiga magoti na kuchora mstari kwa ncha ya kigingi kwenye udongo, karibu na kidole changu cha mguu. Maji ya chumvi yalikuwa yananichuruzikia shingoni, na nilifurahi kiasi kwamba ningesimama pale mpaka jioni.

"Inatosha," bibi akasema. "Watu wapishane, wasalimiane. Mimi sitaki zaidi ya hapo."

Nikadhani tumemaliza. Fundi alikuwa ameshachukua nyundo. Lakini yule bwana alibaki amepiga magoti pale kwenye mstari, anautazama, na kigingi kipo mkononi mwake. Akainuka, akarudi hatua moja nzima kuingia kiwanjani kwake, akauliza kama mpaka ukiwa pale mtu wa tatu anaweza kupita.

"Anaweza," fundi akasema, "lakini chumba cha uani kitakuwa kidogo sana, bosi."

"Kiwe kidogo," akasema. Kisha akamwambia bibi, si sisi, ingawa wote tulisikia: "Namjengea mama. Yuko Kondoa peke yake, macho yamekwisha. Hatembei bila kushikwa mkono. Akija hapa hatakuwa na mtu anayemjua, na mimi nashinda safarini. Nilikuwa nawaza atakaa na nani." Akachoma kigingi ardhini kwa mkono mahali aliposimama. "Kwa hiyo tuongeze. Apite yeye na anayemshika."

Baa. Nyumba ya wageni. Ghala la alizeti. Tulikuwa tumejenga kila kitu kwenye kiwanja kile, kwa midomo yetu, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kumuuliza. Nilishusha ndoo yangu kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka imwagike.

Bibi sijawahi kumwona akimwachia mtu neno la mwisho, lakini safari hii alimwachia. Akauweka ungo wake wa karanga chini, akaenda mpaka pale kwenye kigingi, akashika magoti yake, akajikunja taratibu mpaka akafika, na akakishika kwa mikono yote miwili kisiyumbe. Yule bwana akapokea nyundo kwa fundi. Akapiga kidogo kidogo, kwa uangalifu, asije akamgonga vidole.